Alhamisi za Keroka

Keroka,
5 Machi 2024

Nyanchera mwenzangu,

Salamu nyingi. Barua hii unaletewa na shangazi yangu Ruqiya, yule mnunuzi wa ndizi anayekuja soko la Ekerenyo na lori. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu. Simu nilipiga leo asubuhi ikashikwa na mama mkwe wako, akaniuliza mimi ni nani na nataka nini, nikasema nimekosea namba. Shangazi ananiambia huyo Mama Eucabeth anasoma Biblia ya Ekegusii tu, basi Kiswahili chetu cha shule leo kimepata kazi.

Jana ulipokuja kliniki nilikuwa ndani namzalisha mtu. Nilisikia kelele, nikatoka, nikakuta benchi zima la wajawazito linamtazama Sista Ashley amesimama katikati, pakiti ya vidonge vyako mkononi, anaionyesha huku na huku. "Hawa ndio wanatuzalia watoto wagonjwa halafu wanakuja kutulaumu." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Wewe ulikuwa umeshafika getini. Hata sikujua ni wewe mpaka nilipochukua kadi uliyoiacha mezani nikasoma jina. Tangu tumalize shule hatujaonana, na siku ya kuonana ndiyo hiyo.

Ashley nimemwambia yangu, hayaandikiki hapa. Hakujali. Wengi kwenye kituo chetu wanafikiri kama yeye, hata wale wanaotabasamu. Mlevi wa pombe wanamcheka, wa vidonge wanamfukuza, na akiwa na mimba wanamfukuza mbio zaidi. Mtoto aliye tumboni hawamfikirii, halafu ndiye wanayedai kumtetea.

Sasa nisikilize, na usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Hivyo vidonge ni tramadoli, dawa ya maumivu inayoushika mwili. Usiviache ghafla. Nakujua, utataka kuvitupa vyote chooni kwa hasira. Ukifanya hivyo mwili utakugeuka, na uchungu unaweza kuja kabla ya wakati wake. Kuna njia ya kuvipunguza polepole, na daktari wa kuisimamia yupo. Niandikie unameza vingapi kwa siku. Usinidanganye.

Ni mimi,
Kaltuma

*

Ekerenyo,
11 Machi 2024

Dada Kaltuma,

Barua nimepata. Nimeisoma nikiwa chooni, sasa iko chini ya gunia la wimbi ambalo mama mkwe hawezi kuliinua peke yake.

Kumbe ule mdomo wa Form Two bado unao. Unanisalimia mstari mmoja, halafu unaniamuru ukurasa mzima. Haya, nitajibu.

Nameza viwili tu kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa sababu ya mgongo. Huyo sista wenu hata mgongo hakuuliza. Wewe ni mtu wa mji, chai unaijua ikiwa kwenye kikombe. Nilipomzaa Lewis, ambaye sasa ana miaka mitano, nilirudi kuchuma kabla damu haijakatika. Kikapu mgongoni, mvua, na shamba letu wote wanajua lilivyo la mteremko. Siku moja niliinama nikashindwa kunyooka. Mama Eucabeth akafungua pindo la leso yake, akanipa kidonge kimoja, akasema hiki ndicho kinamweka yeye shambani hadi leo. Na kweli kiliniweka. Nilichuma siku hiyo hadi karani wa kupima chai akashangaa.

Yeye bado anameza chake siku za kuchuma, na Sabato anakaa kiti cha mbele kwa sababu ni shemasi. Mimi nikimeza naitwa jina lingine.

Unataka kujua ninaogopa nini? Si Ashley. Ng'ombe za mahari zililipwa zote. Wakijua, mimi nitarudishwa kwetu Birongo na Lewis atabaki, kwa sababu ni mtoto wa ukoo wao, na huyu wa tumboni pia nitanyang'anywa. Obwocha si mume mbaya, lakini yuko kiwanda cha chai huko Kericho, anakuja mwisho wa mwezi, na mambo ya boma hili yanaamuliwa na mama yake. Hapa kuna jirani ambaye kijana wake alianza vidonge akang'oa mabati ya nyumba akayauza. Jina lake likitajwa watu wanatema mate. Sitaki Lewis asikie mate yakitemwa kwa ajili yangu.

Kwa hivyo asante, lakini nitazalia hapa nyumbani. Wanawake wa hapa wamezalisha tangu zamani bila kumpigia mtu kelele.

Wako,
Nyanchera, Mama Lewis

*

Keroka,
14 Machi 2024

Nyanchera,

Viwili. Pakiti aliyoshika Ashley ilikuwa na tarehe ya kununuliwa ya siku chache tu, na tayari ilikuwa karibu kwisha. Mimi nimeshika vidonge tangu nimalize chuo, na wewe unanieleza viwili.

Lakini siandiki ili tugombane. Nimeongea na Daktari Manasseh. Ni mtu mtulivu na anajua kazi hii. Anakaa hapa kituoni kila Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku lori la shangazi linatoka Ekerenyo. Mwambie mama mkwe unasindikiza ndizi zako mwenyewe ili usipunjwe bei. Hilo ataliamini upesi. Daktari atakupa vya wiki moja tu, na kila mara atakata kidogo. Utatoka jasho, usingizi utakukimbia, utanichukia. Mtoto atakaa mahali pake.

Sitaki ukae kwenye benchi pamoja na Ashley. Utangoja dukani kwa mume wangu Sadiq, lile la vipuri mkabala na kituo. Atakupa chai. Hajui unakuja kwa nini na hataniuliza, nimeshamzoesha. La mgonjwa halitoki mdomoni mwangu, hata kwa mume, hata kwa mama aliyenizaa. Naapa kwa Mungu, Nyanchera, na wewe unajua mimi siapi ovyo.

Na ushike hili hata ukisahau mengine. Mtoto akishazaliwa, baada ya siku moja au mbili anaweza kuanza kutetemeka, kulia kwa sauti kali, kupiga chafya, kukataa titi. Mwili wake utakuwa unaitafuta dawa aliyoizoea tumboni. Mtu asije akakudanganya kuwa ni laana au jicho la mtu. Hospitalini hali hiyo inatibika. Nyumbani inaweza kumuua. Ndiyo maana utazalia kwangu.

Alhamisi ijayo. Ukikosa nitakuja mwenyewe na baibui langu hadi mlangoni kwa mama mkwe.

Kaltuma

*

Ekerenyo,
3 Mei 2024

Dada yangu Kaltuma,

Jana uliitwa kwa mgonjwa kabla hatujaongea, nimeona nikuandikie.

Kwanza nikuambie ukweli, kwa sababu sasa umepita na hauwezi kuniuma. Vilikuwa vinane. Siku za mvua vilikuwa zaidi. Daktari alijua tangu siku ya kwanza, aliniangalia tu akaandika. Sasa niko kwa vitatu. Huyo Manasseh ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza kuhusu mgongo. Alinionyesha namna ya kufunga kikapu kwenye nyonga, na nilipomwambia mama kuwa ni mtindo mpya wa Kericho akataka na yeye nimfunge hivyo.

Usiku najikunja kitandani na miguu haitulii. Lakini mtoto anacheza. Zamani nikimeza alikuwa ananyamaza siku nzima, na mimi nilifikiri ni mtoto mpole. Kumbe alikuwa amelewa, maskini. Nililia nilipoelewa hilo. Sasa ananipiga mateke nikiomba kanisani hadi mama ananitazama.

Mwambie bwana yako chai yake ina tangawizi ya kutibu ng'ombe. Anakaa pale ananieleza habari za giaboksi utafikiri nina lori. Hajawahi kuniuliza hata jina la ugonjwa. Una bahati.

Jambo moja tu. Wanawake wa hapa wameanza kusema mke wa Obwocha siku hizi ana lake Keroka. Mimi nacheka, nawaambia ndizi haziwezi kujiuza. Mama hacheki.

Wako,
Nyanchera

*

Keroka,
20 Juni 2024

Nyanchera,

Leo ni Alhamisi nyingine hujaonekana. Shangazi anasema alikuona sokoni kwa mbali ukamkwepa. Daktari ameuliza, nimemwambia unaumwa. Sadiq naye ameuliza, "Yule dada wa ndizi yuko wapi?" Nimemwambia sijui, na kweli sijui.

Kama ni hasira, njoo unitukane ukiwa hapa. Kama umerudia vile vinane, njoo, sitakupigia kelele. Kama umekatazwa, niandikie nijue. Kitu kimoja tu sikitaki, nacho ni ukae huko ukiviacha ghafla kisha uvirudie kisha uviache, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua.

Nataka ukariri maneno haya. Ukishikwa na uchungu na mimi niko mbali, nenda hospitali yoyote, na yule atakayekupokea mwambie, "Mtoto wangu ana dawa mwilini." Hivyo tu. Usieleze mengine. Atakayekutukana atakutukana, lakini atajua la kufanya.

Tafadhali.

Kaltuma

*

Ekerenyo,
9 Julai 2024

Dada Kaltuma,

Mtoto amezaliwa, ni msichana. Alikuja Ijumaa, kabla ya wakati. Nakuandikia haraka kwa sababu Ruqiya yuko sokoni na sina mtu mwingine. Isome yote kabla ya kunihukumu.

Alhamisi zangu nilikatazwa. Mama alisema mke hawezi kuwa na siku yake ya mji. Vidonge vikaisha, nikaumwa, nikanunua vingine kwa kijana wa boda, navyo vikaisha. Nilikaa siku kadhaa natapika na kutetemeka, naambiwa ni malaria. Ijumaa asubuhi chupa ya uzazi ikapasuka. Nikasema twende Keroka. Mama akasema Keroka tena? Akaita wanawake watatu wa boma.

Ilikataa, Kaltuma. Hadi saa sita, hadi saa tisa, mtoto yuko pale pale. Mama aliponihurumia alifungua pindo lake akanipa vyake viwili vya maumivu, halafu viwili vingine. Kisha nikaona wanatazamana.

Wewe si wa kabila letu, pengine hujawahi kusikia amasangia. Mke wa mtu akitoka nje ya ndoa, uchungu wake unafunga, na mtoto anaweza kufa au mume akafa. Mpaka ataje jina la huyo mwanamume, mtoto hatoki. Walinishika mikono. Wakasema, taja. Nikasema sina. Wakasema, ulikuwa unafanya nini Keroka kila Alhamisi?

Nilikuwa na majibu mawili tu. Nifikirie pale chini kwenye gunia, nikiwa na majibu hayo mawili. Nikitaja vidonge, hakuna dawa yake hapa kwetu, ni kutemewa mate na kufukuzwa. Nikitaja mwanamume, ipo. Mzee anaitwa, mbuzi anachinjwa, majani yanatwangwa, mume na mke wanalamba, mtoto anapakwa, mambo yanaisha. Wanawake wengi wa hapa wamepita hapo na bado wako na waume zao.

Nikataja Sadiq. Sikulijua jina lingine la Keroka. Nilifikiri yuko mbali, si wa kwetu, hatapata madhara. Nisamehe.

Na alipotajwa, mtoto akatoka. Sasa nani atawaambia nilidanganya?

Obwocha aliitwa akaja. Hakunipiga. Alikaa nyuma ya jiko peke yake, halafu akaenda kutafuta mbuzi. Jana mzee wa dawa amekuja. Walingoja kwanza Sabato ipite, maana mama ni shemasi. Tumelamba, yameisha, Obwocha amemshika mtoto na kumwita Kemuma. Mama amenipikia mboga za chinsaga na uji wa wimbi. Nimesamehewa kabisa.

Ila mtoto anatetemeka. Ilianza Jumapili. Analia kwa ile sauti uliyosema, anapiga chafya, titi halishiki. Wao wanasema ni mabaki ya amasangia, dawa inafanya kazi polepole. Ninajua si hivyo. Mpe Ruqiya dawa ya matone aniletee, nitampa kwa siri. Na tafadhali usimwambie mtu. Uliapa.

Nyanchera

*

Keroka,
9 Julai 2024, jioni

Nyanchera,

Hakuna matone ya siri. Dawa ya mtoto huyo inatolewa hospitalini, anapimwa, anaangaliwa kupumua, na akipata degedege kuna mtu karibu. Siwezi kukutumia kwenye mfuko wa ndizi. Mpeleke hospitali kubwa ya Kisii leo hii ukipata barua hii, sema yale maneno niliyokuambia ukariri. Yaseme mwenyewe. Siri ni yako, wewe ndiye wa kuitoa.

Kuhusu mume wangu sijui niandike nini. Nimeketi hapa na yeye yuko chumba cha pili anasikiliza taarifa, hajui kuwa ametajwa mbele ya wanawake watatu kuwa amelala na wewe. Umemnywea chai miezi miwili. Katika majina yote, Nyanchera. Ungesema huyo wa boda, ungesema shetani.

Nimeapa na nitanyamaza. Usiniombe zaidi ya hapo.

Mpeleke mtoto.

Kaltuma

*

Birongo,
18 Agosti 2024

Kaltuma,

Niko kwetu. Shangazi yako akikupa hii usimlaumu, nilimsumbua sana.

Ulivunja kiapo mchana kweupe. Uliingia bomani Ijumaa ile na gari la hospitali na muuguzi mwingine, wazee wakiwa wamekaa, Obwocha amekaa, na hata hukunisalimia. Ukasema kwa sauti ya kliniki, "Huyu mwanamke hajawahi kulala na mume wangu. Alhamisi alikuwa anakuja kutibiwa uraibu wa vidonge, na mtoto ana vidonge hivyo mwilini." Ukamnyakua Kemuma kutoka kwa mama ukamvua nguo mbele ya wote ili waone anavyotetemeka.

Ukamgeukia mama, ukamwambia afungue pindo la leso yake. Alifungua. Ukamwambia ni vile vile. Akajibu vyake ni vya mgongo. Na vyangu vilikuwa vya nini, Kaltuma? Hukuuliza hivyo. Ulikuwa na haraka.

Gari lilipoondoka na mtoto na mama, mimi nilibaki na wazee. Vidonge pengine wangevijadili. Lakini yule mzee wa dawa alisimama akasema huyu amemlisha mume wake dawa ya amasangia kwa uongo, na dawa iliyolambwa kwa uongo inamrudia mume. Obwocha alitoka nje akatapika. Mtu mzima, mwanamume wa kiwandani, anatapika kwa woga. Hapo ndipo nilijua yameisha. Kama ningekuwa nimelala na Sadiq kweli ningekuwa kitandani kwangu sasa hivi.

Nilivuka mto na mfuko mmoja. Lewis alikuwa shule. Ameambiwa nimeenda Kericho kufanya kazi.

Nataka kukuuliza jambo moja, na ulijibu kama unavyowajibu wagonjwa wako, bila kuzunguka. Barua yangu ulipata Jumanne. Ulijua tangu Jumanne kuwa mtoto anatetemeka na kwamba hapa wanampaka majani. Ulijua kuliko mtu yeyote katika kaunti mbili kwamba anaweza kufa. Jumatano hukuja. Alhamisi wajomba wa Obwocha wakaenda Keroka wakamvunja Sadiq mkono mbele ya duka lake. Ijumaa ukaja.

Ulikuja kwa ajili ya Kemuma, au kwa ajili ya mume wako?

Nyanchera

*

Keroka,
25 Agosti 2024

Nyanchera,

Nitaanza na mtoto kwa sababu najua utaruka mengine kumtafuta yeye.

Yuko hai. Alipata degedege ndani ya gari, kabla hatujafika Kisii, na tena usiku ule. Daktari wa watoto alisema asingeona Jumamosi. Alikaa wodini wiki kadhaa, kwanza kwa dawa, halafu kwa dawa kidogo, halafu bila. Mama Eucabeth hakuondoka. Alilala kwenye kiti, akajifunza kumfunga vizuri na kumnywesha kwa kikombe. Kipindi chote hakuniangalia usoni. Sasa anamleta hapa kwetu kwa chanjo. Kemuma ameongezeka uzito, shingo ina nguvu, na ana sauti ya kawaida ya mtoto mkorofi. Nimemshika mimi mwenyewe. Amefanana na wewe kwenye paji la uso, na nadhani bibi yake ameliona hilo kwa sababu anamvalisha kofia hadi kwenye nyusi.

Nilimwuliza kama anaweza kukuletea mtoto unyonyeshe, hata mara moja moja. Akasema maziwa yako yana vidonge. Nikamwambia daktari anaweza kukupima na kumhakikishia. Akasema, "Wewe sista ndiye uliyetufundisha."

Mkono wa Sadiq umefungwa chuma. Dukani anakaa, lakini habari za giaboksi hamwelezi mtu tena. Alinisikiliza nilipomweleza ukweli wote, kisha akauliza, "Ulijua Jumanne usiku nikiwa chumba cha pili?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo ananiita Sista, hata mbele ya watoto. Wao wanadhani ni utani.

Kazini nimepewa barua ya onyo kwa kutoa siri ya mgonjwa mbele ya watu. Aliyepeleka malalamiko ni Ashley. Ndiyo, Ashley, yule wa pakiti. Mbele ya wakubwa alisema wagonjwa wana haki zao. Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu safari hii alikuwa anasema kweli.

Umeniuliza swali moja. Karatasi hii ni ya nne, tatu nimezichana. Mtoto yuko hai, Nyanchera. Hilo ndilo ninaloweza kuandika kwa mkono wangu.

Njoo Alhamisi yoyote. Daktari Manasseh anakuulizia. Usiviache peke yako huko.

Kaltuma

*

Birongo,
6 Januari 2025

Kaltuma,

Hukunijibu, basi. Nilingoja barua nyingine nikidhani utapata karatasi ya tano. Sasa nimeacha kungoja.

Vidonge sina tena. Sikuja kwa daktari wako, sikuweza kupita mbele ya lile duka. Mama yangu alinifungia chumbani na kunilisha uji kama mtoto, na nilimtukana matusi ambayo sikujua nayajua. Maziwa yalikauka siku hizo hizo, kwa hivyo hata Mama Eucabeth akibadili nia amechelewa. Mgongo unauma kila siku. Sasa nauacha uume.

Ruqiya ananiletea habari. Ameniambia Kemuma anakaa bila kushikwa. Ameniambia Lewis amesoma kitabu kanisani mbele ya watu na bibi yake akalia. Obwocha ni mzima, hakuna kilichomrudia, lakini hataki kuniona asije akajaribu bahati.

Kuna msichana hapa, jirani yetu, hajafika hata miaka ishirini. Anakunywa chang'aa kila siku na tumbo limeanza kuonekana. Juzi alikuja kuchota maji akanikuta peke yangu. Watu wamemwambia habari zangu, si unajua vile watu wanaongea. Akaniuliza polepole kama kweli huko Keroka kuna sista anayeweza kunyamaza. Nikamwambia kuna sista anayeweza kumwokoa mtoto wake. Akasema hakuniuliza hivyo. Alibeba mtungi wake akaenda, na mimi sikumwita. Nimekuandikia jina lake nyuma ya karatasi hii. Mtafute wewe. Pengine kwake utajua la kufanya, mimi sijui ningemshauri nini.

Sasa nikuambie lililobaki. Ungenyamaza kama ulivyoapa, ningekuwa Ekerenyo kwenye nyumba yangu, mke aliyekosa akasamehewa, Lewis analala kwenye mkono wangu, na nyuma ya jiko kuna kaburi dogo ambalo watu wangelisahau mapema. Mama angenipikia. Obwocha angekuja mwisho wa mwezi na mkate. Ulisema, na Kemuma yuko hai, na mimi sina mtoto hata mmoja. Nimelifikiria hili hadi kichwa kikachoka. Kila asubuhi nikiamka najiuliza ningechagua lipi kati ya hayo mawili, na kila asubuhi sijibu sawa na jana. Kuna siku nachagua nyumba yangu, Kaltuma. Kuna siku namchagua Lewis na kumwacha huyo mwingine afe, na ninaamka kitandani, nawasha moto, nachota maji, na hakuna anayejua mama wa aina gani amebeba ndoo hiyo.

Leo nimemchagua Kemuma. Ndiyo maana leo nimeweza kukuandikia.

Nyanchera